Fuwele Ngeni na Makaburi Mawili

Habari ya kifo chake ilinifikia asubuhi, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai na wa pili unapapasa meza kutafuta miwani. Aliyepiga simu ni mzee mwenye duka la vitambaa hapa Msasani, Tukuyu, ambaye marehemu alikuwa mpangaji wake. Hakuzunguka. "Jirani yetu katutoka usiku, hospitalini. Presha. Inna lillahi. Njoo bwana, maana hapa nimekaa na simu mkononi, sijui nianze kumpigia nani, watu wa kwa baba yake au wa kwa mumewe." Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haitaji watu kwa majina, na leo sitavunja mwiko huo ingawa ulimi unaniwasha. Itoshe kusema kwamba alikuwa mwanamama mstaafu, mjiolojia kwa kazi, mzaliwa wa Mpuguso, mjane wa Isongole na mpangaji wa Msasani. Sehemu hizo tatu zote zimo ndani ya wilaya yetu moja ya Rungwe. Mtu mwenye bodaboda nzuri anaweza kuzizunguka zote akarudi nyumbani kabla chakula cha mchana hakijapoa. Humo humo, katika mzunguko mdogo namna hiyo, mama yule alitafuta mahali pa kuita kwao, na hakupapata.

Tulifahamiana kwa sababu ya jiwe. Nyumba yangu na ile aliyopanga zinatenganishwa na mfereji wa maji ya mvua, na kwa mvua za Tukuyu mfereji ni kitu cha kuheshimiwa. Siku moja nilivuka kwenda kumwomba radhi kwa takataka ambazo maji yalizitoa kwangu yakazimwaga mlangoni kwake. Nikakuta mlango umezuiwa usijifunge kwa jiwe jeusi, ukubwa wa kichwa cha mtoto, limepasuka katikati. Mawe meusi si habari huku kwetu. Mlima Rungwe uliyatema kabla hatujawapo, nasi tumeyajengea misingi, tumeyafanya mafiga, tumejikwaa juu yake tukayatukana. Lakini katika uso uliopasuka wa lile jiwe palikuwa na punje nyeupe, kama punje ya mahindi, na kuizunguka palikuwa na ukingo mwembamba wa kijani. Nikauliza ni nini. Akanijibu kwa neno lililonifanya nimtake alirudie: zenokristi.

"Usiogope, ni jina tu," akaniambia. Akalibeba jiwe akaliweka mapajani kama mtu anayepakata mtoto. "Mlima ulipotema, uji wa mawe ulipanda kutoka chini ukipita katikati ya miamba mingine, mikongwe kuliko mlima wenyewe. Ukang'oa vipande, ukavibeba. Hii punje nyeupe ilikuwa imeshakomaa huko kwenye mwamba wake. Uji huu mweusi haukuizaa. Umeibeba tu."

"Utajuaje kwamba haikuzaliwa humo?"

"Tazama kingo zake. Fuwele iliyokulia mahali pake, ikipata nafasi, huwa na pembe, tena pembe kali. Hii imelika. Uji uliokuwa umeibeba ulikuwa unaitafuna polepole, kama sukari guru ukiitia kwenye uji wa moto. Huu ukijani ndipo meno yalipopita. Bahati yake uji uliwahi kupoa. Ungechelewa kidogo tu, leo tusingejua kama iliwahi kuwapo."

Mimi ni mtu wa maneno, si wa mawe, kwa hiyo nilichotaka kujua ni jina lile limetoka wapi. Alinieleza, nami baadaye nikaenda kujihakikishia. Lilibuniwa Ulaya kuelekea mwisho wa karne ya kumi na tisa. Wasomi wa kule wakikosa jina hukimbilia ghala la Kiyunani cha kale, na safari hii walichota maneno mawili wakayafunga pamoja. La kwanza lilikuwa na maana ya mgeni, na Wayunani wa kale walilitumia kwa wageni wa namna zote mbili, yule anayekaribishwa mezani na yule anayechunguliwa dirishani. La pili lilikuwa na maana ya barafu. Watu wa zamani walikuta mawe maangavu kwenye milima yenye baridi, wakaamini kwamba ni maji yaliyoganda kupita kiasi hata jua likashindwa kuyarudisha. Walikosea, lakini kosa lao limebaki ndani ya neno mpaka leo, na kila mwanafunzi anayesema kristali anasema barafu bila kujua. Sisi katika vitabu vyetu vya sayansi tunasema fuwele. Mama yule alikuwa na hamu kubwa wanafunzi wasome mawe kwa Kiswahili, na zenokristi aliipa jina lake mwenyewe: fuwele ngeni. Mwenye nyumba, yule mzee wa vitambaa, ambaye hapitwi na mazungumzo, alikuwa ameshavuta kiti. Akatukumbusha kwamba nyumbani kwao neno la kioo kizuri cha kunywea maji ni bilauri, na kwamba Waarabu waliotupa neno hilo huliita hivyo hivyo jiwe angavu. Basi tukakaa pale barazani watu watatu, tunafurahia maneno kama watoto waliookota karanga.

Kisha mzee akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni. "Sasa mama, hiyo punje ikae humo miaka mingapi ndipo ihesabiwe mwenyeji?"

"Haihesabiwi, mzee. Itabaki ngeni mpaka jiwe lenyewe lisagike."

"Basi ni kama sisi. Babu yangu alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa kichwani. Baba kazaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, wajukuu wangu wanasema Kinyakyusa kuliko hao vijana wenu wa mjini. Bado nikipiga chafya sokoni wanasema, huyo mtu wa pwani kapiga chafya."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema, bila kicheko tena, "Wewe una bahati, mzee. Angalau wakikufukuza, wanajua wanakufukuzia wapi."

Hapo ndipo nilipoanza kuijua habari yake. Alikuwa ameolewa na mtu wa Isongole, mtumishi mwenzake. Walijenga nyumba huko juu kwenye baridi na viazi, kwa jasho la wote wawili, wakitegemea kuzeekea humo. Hawakujaliwa mtoto. Mume akafa. Matanga yalipokwisha, shemeji yake alikuja kumwona akiwa amevaa vizuri, akazungumza kwa adabu zote. "Shemeji, sisi hatukufukuzi. Ila nyumba ya kaka inataka mtu wa kuangalia mashamba, na wewe ni mtu wa ofisi. Na kwenu si mbali, ni hapo tu Mpuguso." Sisi hatukufukuzi! Kauli hiyo naijua. Huku kwetu ukiisikia, anza kufungasha. Alifungasha. Alivyochukua ni vitabu vyake, godoro, nyundo yake ya kazi na mawe kadhaa, lile jeusi likiwa mojawapo. Lori lililomshusha Msasani halikujaa hata nusu.

Alipopumua kidogo aliitisha kikao cha ukoo wake Mpuguso, akaniomba nimsindikize. "Njoo mwandishi, ukae tu. Watu wakiona mgeni huchagua maneno." Alikosea, hawakuchagua. Tulipokelewa kwa ndizi za moto na maziwa, ikasaliwa sala ndefu, kisha mama akasema haja yake kwa maneno machache. Alitaka pembe ya shamba, pale mama yake alipozikwa, ajenge chumba kimoja na jiko. Siku akifa, alazwe hapo hapo, kando ya mama. Hakutaka kingine. Baba yao alishafariki, kwa hiyo aliyejibu ni kaka yake mkubwa, mkulima wa chai na mzee wa kanisa, mtu ninayemheshimu kwa mambo mengine.

"Gwe dada, Kyala anaona, sisi tunakupenda fijo," alisema, na kwa wasiojua lugha yetu, alimaanisha kwamba Mungu anaona jinsi wanavyompenda sana. "Lakini wewe ulishaolewa. Mwanamke akishaolewa, kaburi lake liko kwa mume. Ndivyo tulivyokuta. Tukikupa wewe leo, kesho mabinti wetu wote watarudi hapa na mabati yao kichwani. Na shamba lenyewe unaliona, limebanana. Hapatoshi hata pa banda la kuku."

"Kule kwa mume wamenitoa, kaka."

"Basi rudi ukaongee nao vizuri." Halafu, kwa sababu watu walikuwa wanamsikiliza na kusikilizwa ni ulevi, akaongeza: "Wewe umepima nchi nzima hii, leo umekosa pa kujipimia mwenyewe?"

Wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Mama akasema, "Ndaga fijo," yaani ahsanteni sana, akachukua mkoba wake, tukaondoka. Njiani nilimwambia kwamba sheria ya ardhi iko upande wake, kwamba mwanamke ana haki sawa, kwamba baraza lipo. Nilisema mengi, kama tunavyosema sisi tuliozoea kuandika. Akaniacha nimalize. "Najua sheria, mwandishi. Baraza litanipa ardhi. Halitanipa mtu wa kuniamkia asubuhi." Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu aliomba jembe kwa mdomo wake mwenyewe, nyumbani kwa baba yake, na walimnyima.

Naomba niseme jambo hapa, na anayekasirika akasirike. Wilaya yetu inajisifu kwa kusomesha. Kila ibada ya shukrani utasikia binti wa fulani amehitimu, akina mama wanapiga vigelegele, baba anaitwa mbele anapigiwa makofi. Binti akipata kazi tunamkumbuka kwenye harambee ya bati za kanisa, kwenye ada za watoto wa kaka zake, kwenye ugonjwa wa kila shangazi. Namba yake ya simu inajulikana na ukoo mzima. Ikifika siku ya kugawa shamba, huyo huyo anakuwa mtu aliyepita njia. Kwa baba anaambiwa wewe ni wa kwa mume, kwa mume anaambiwa wewe ni wa kwa baba yako, na kila upande unaongea kwa upole, na kila upande una mila yake mkononi. Tumebadilisha mbegu za viazi, tumebadilisha mapaa ya nyumba na namna ya kutumiana salamu. Hili tumelikalia. Na tusidanganyane kwamba ni mila inayotuzuia. Mila hizo hizo zilimtaka mjane atunzwe, na sehemu hiyo tumeisahau bila kuitisha kikao.

Katika miaka yake ya Msasani nilimwona mtu akipungua. Sisemi mwili, ingawa na mwili ulipungua. Aliacha kwenda kwenye harusi za ukoo, kwa sababu kila alipokwenda aliulizwa siku hizi anakaa wapi, na aliyeuliza alikuwa anajua. Akaacha kusimulia safari zake za kazi. Akawa anasalimia kwa ufupi. Nilikuwa nikilitazama lile jiwe mlangoni na sikupenda nilichokuwa nafikiri. Waliobaki kumtunza walikuwa mzee wa vitambaa na mke wake, waliokuwa wakimpelekea futari kila Ramadhani ingawa hakuwa Mwislamu, na ambao aliwapelekea ndizi kila Krismasi ingawa hawakuwa Wakristo. Alipougua, ni mzee huyo aliyempeleka hospitali.

Sasa nirudi kwenye msiba. Turubai lilifungwa uwanjani kwa mzee. Mchana wa siku ya pili habari zikasambaa kwamba wanakuja wakubwa aliofanya nao kazi, na vijana aliowafundisha kazi, na kwamba magari yao yameshavuka Mbeya. Ghafla mama akapata ndugu. Kundi la WhatsApp la ukoo likajaa mishumaa na maua, "pumzika dada yetu kipenzi", na watu walioandika hivyo ni wale wale waliocheka kikaoni. Kutoka Isongole shemeji alikuja na vijana wake. Kutoka Mpuguso kaka alikuja na wazee. Walikaa pande mbili za turubai, wakisalimiana kwa vichwa. Hakuna aliyemwuliza mwenzake neno la maana, kwa sababu kila upande uliona kuuliza ni kushindwa.

Ibada ilipokaribia mwisho kaka akasimama, akashukuru wote, akatangaza kwamba safari ya kwenda Mpuguso itaanza mara moja, kaburi liko tayari.

"Kaburi gani?" Shemeji naye alikuwa ameshasimama. "Sisi tumechimba tangu alfajiri. Yule ni mke wetu. Analala kwa mume wake, Isongole."

"Ni mtoto wetu!"

"Mlipokea mahari, baba. Mtoto wenu mlishatupa sisi."

Yaani walikuwa wamechimba makaburi mawili. Mtu mmoja, aliyekosa chumba kimoja na jiko kote kuwili, alikuwa amechimbiwa kote kuwili siku moja. Wakubwa kutoka mbali wakainamia viatu vyao. Mimi nilitaka kucheka, nikagundua kwamba nina hasira.

Ndipo mchungaji wake, kijana mpole ambaye sikutegemea kwamba ana sauti, akaomba wakae. Alisema marehemu alimwita hospitalini, mwenye nyumba akiwapo, akamwagiza jambo, naye atalisema kama lilivyosemwa. "Mchungaji, nizike makaburi ya mji. Kule niliomba nikiwa hai, wakaninyima. Nisipelekwe nikiwa maiti, nitakapokuwa siwezi kukataa." Mzee wa vitambaa akatikisa kichwa kuthibitisha. Kaka akasema kwa sauti ya chini kwamba haiwezekani, mtu wao hawezi kulala na wapangaji. Mzee akamjibu kutoka alipokaa, bila kusimama: "Huko makaburini wanalala baba yangu na babu yangu, upande wa Waislamu, ng'ambo ya njia tu. Hawajawahi kumsumbua jirani." Vijana aliowafundisha kazi wakanyanyua jeneza. Tulimzika jioni hiyo katika makaburi ya mji, mvua nyembamba ikinyesha, kati ya nesi aliyetoka mkoa wa mbali na fundi cherehani ambaye hakuna anayekumbuka alitoka wapi.

Kesho yake nilikwenda Mpuguso kutoa pole, maana pole ni pole. Niliwakuta shambani. Wazee wetu wanaamini kwamba kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, kwani likifukiwa tupu litaita wa kulijaza, tena kutoka nyumba hiyo hiyo. Dawa yake ni kukata mgomba ukauzika mahali pa mtu. Isongole nako, nasikia, walilazimika kufanya hivyo hivyo, na kwa kuwa baridi ya kule haina migomba ya maana, walimtuma kijana wa bodaboda akaukate huku chini akaupandisha mlimani umefungwa nyuma ya kiti kwa mipira. Hapa Mpuguso haukuwa na safari ndefu. Kaka aliukata kwa mkono wake mwenyewe, mgomba mnene wenye afya, wakaubeba watu wanne, wakaushusha taratibu kama maiti inavyostahili kushushwa. Shimo lilikuwa kando ya kaburi la mama yao, pale pale alipopaomba dada. Mgomba ulilala, ukanyooka, na pembeni palibaki nafasi ya mtu kupita na toroli. Wakafukia, wakaufanyia tuta zuri, mtu mmoja akaweka na ua.

Niwaombe basi, nyote mnaonisoma. Dada anayeomba pembe ya shamba mpeni leo, mkiwa mnamtazama machoni na yeye anaweza kusema ahsante. Shangazi anayekaa chumba cha kupanga mjini, ambaye namba yake mnaijua vizuri penye michango, mwulizeni leo anataka alale wapi, na kwanza mwulizeni anataka aishi wapi. Msimwachie mchungaji kazi ya kuwasomea majibu mbele za watu. Ukoo usiokuwa na nafasi kwa aliye hai hauna haki ya kugombea maiti yake.

Nilipokuwa naaga, kaka alinisindikiza mpaka barabarani huku akijifuta udongo mikononi. Alikuwa amezeeka kwa usiku mmoja, na nusura nimhurumie. "Najua utaandika," akaniambia. "Wewe andika tu. Ila nakuomba sana, jina langu usilitaje." Sikulitaja. Lakini tangu nianze kuandika haya nimeshapigiwa simu na wanaume kadhaa, mmoja mmoja, waliosikia kwamba naandika habari za dada aliyenyimwa shamba, na kila mmoja anataka kunieleza kwamba kwa dada yake mambo yalikuwa tofauti.